Mwenzetu Akianguka Mlimani



Mwezi huu twapenda tutafakari pamoja fungu la Mithali 24:16, linalotufundisha kwamba hata mtu mwenye haki huanguka, tena si mara moja, lakini habaki pale chini. Mfano wetu tutautoa mahali ambapo huenda wengi wenu hamkutazamia, yaani katika mchezo wa baiskeli za milimani. Wazee wenzetu wasicheke. Mtume Paulo naye, alipowaandikia Wakorintho, alitoa mifano ya mbio na ngumi, kwa maana karibu na mji wao ilifanyika michezo mikubwa nao waliijua. Vijana wetu nao waijua baiskeli, basi na tuwafuate huko waliko.

Mchezo huu ulianza hivi. Katika miaka ya 1970, kaskazini ya San Francisco, huko Marekani, vijana fulani walikusanya baiskeli kuukuu, nzito, zenye matairi manene, wakazipandisha mlimani ili wateremke nazo kwa mbio. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya mashindano yao ya kwanza karibu na mji mdogo wa Fairfax, katika njia ya vumbi na mawe yenye urefu wa kilomita 3 na zaidi, inayoteremka karibu mita 400. Njia hiyo waliiita Repack, maana yake kujaza upya. Breki za baiskeli zile zilikuwa za kukanyaga nyuma, nazo zilipata moto hata grisi ikaungua na kutoa moshi, ikawabidi kufungua kitovu cha gurudumu na kujaza grisi mpya. Aliyeshinda siku ile aliitwa Alan Bonds. Nao husimulia kwamba alishinda kwa sababu ni yeye peke yake ambaye hakuanguka.

Wengine wote walikula vumbi. Lakini mchezo haukufa siku ile. Walirudi mlimani tena na tena, na mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, akaanza kuunda baiskeli mpya zilizokusudiwa hasa kwa njia za milimani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 1996 mchezo ulioanza kwa watu kuanguka vumbini uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki, huko Atlanta.

Hata hivyo, ndugu, tusifanye haraka kusema kwamba kuanguka ni mwalimu mwema. Sisi tuliotumia miaka yetu katika chuo cha ualimu twalijua jambo hili vizuri. Mwanafunzi aweza kukosa hesabu ya namna moja mara kumi, na ya kumi na moja akaikosa vile vile, kama hakuna mtu aliyeketi naye na kutafuta ni mstari upi ulioharibika. Alama nyekundu ya mwalimu humwambia tu kwamba amekosa, haimwonyeshi alipopotea. Kadhalika kuanguka peke yake hakumfundishi mtu. Kinachomfundisha ni kuuchunguza mwanguko wake, na kazi hiyo kwa kawaida yataka watu wawili. Waendesha baiskeli wa milimani wamejifunza hivyo kwa maumivu. Tutazame mambo manne waliyoyapata huko.

Jambo la kwanza: mtu haanzi kuanguka pale anapogusa chini. Mwendeshaji akianguka katikati ya kona, kosa lake huwa nyuma, hatua kadhaa kabla ya kona. Aliingia kwa mwendo mkubwa mno. Alipoona hatari ndipo akakamata breki ya mbele kwa nguvu, gurudumu la mbele likashikwa, la nyuma likainuka, naye akarushwa juu ya usukani. Ndiyo maana hufundishwa kupunguza mwendo kabla ya kona, wakati njia ingali imenyooka na breki zingali na nafasi ya kufanya kazi.

Katika maisha ya kikristo ni vivyo hivyo. Mtu aliyepewa kutunza fedha za wengine haamki siku moja akaiba zote. Huanza kwa kukopa kidogo siku ya shida, akisema moyoni, nitarudisha mwisho wa mwezi. Nyumba haivunjiki siku mume anapoondoka na mzigo wake, ilianza kuvunjika siku walipoacha kusema kweli mezani. Basi tukitaka kumsaidia aliyeanguka, tusisimame tu pale alipolala na kumhesabia majeraha. Tupande naye mlima polepole, tukitafuta mahali ambapo breki zingeweza kumsaidia. Na sisi ambao bado twaenda, tuzitumie zetu mapema.

Jambo la pili: baiskeli hufuata macho. Wote wanaofundisha mchezo huu husema hivyo. Mwendeshaji akiukazia macho mti ulio kando ya njia, akiuogopa, mikono yake na mwili wake vitageuka kidogo bila yeye kujua, naye ataugonga mti ule ule aliotaka kuuepa. Hufundishwa kutazama mbele, mahali anapotaka kufika.

Petro alijua jambo hili kabla ya baiskeli kubuniwa. Katika Mathayo 14 twamwona akitembea juu ya maji maadamu macho yake yako kwa Bwana. Alipoutazama upepo, akaanza kuzama. Twaogopa kwamba yako mafundisho katika nyumba zetu ambayo ni ya kuonyesha miti tu. Kijana huambiwa kila siku usinywe, usizini, usiende kule, asionyeshwe hata mara moja uzuri wa njia yenyewe. Ni vema aonywe juu ya mti, lakini asiachwe akiutazama. Aonyeshwe Kristo, na kazi, na furaha ya kuwa mtu mwaminifu.

Jambo la tatu: njia ya jana si njia ya leo. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyoahirishwa ikafanyika mwaka 2021, alikuwapo Mathieu van der Poel wa Uholanzi, mmoja wa waendesha baiskeli hodari kabisa wa wakati wetu. Mwezi ule ule alikuwa amevaa fulana ya njano ya kiongozi katika mashindano makubwa ya Ufaransa. Tarehe 26 Julai, katika njia ya Izu, alifika kwenye jiwe kubwa lenye poromoko. Wakati wa mazoezi palikuwa na ubao wa kumsaidia mtu kushuka pale. Siku ya mashindano ubao haukuwapo. Yeye alidhani upo, akashuka kama mtu anayeukuta, akaanguka kwa kishindo. Aliinuka akaendelea kwa muda, kisha maumivu yakamshinda, akajitoa.

Hakukosa ustadi wala nguvu. Alitegemea ubao uliokwisha kuondolewa. Ndipo twakumbuka onyo la Paulo katika 1 Wakorintho 10:12, kwamba anayejiona amesimama imara ndiye apasaye kuangalia zaidi. Wako kwetu watu waliosimama vizuri miaka thelathini kwa sababu palikuwa na ubao chini yao: mke mwenye busara, rafiki wa sala, kazi iliyowajaza siku. Siku moja ubao huondoka. Mke hufariki, rafiki huhama, mtu hustaafu, naye hushuka kama alivyozoea. Wazee, hili ni letu hasa. Yatupasa kuikagua njia upya kila mwaka, wala tusitegemee kwamba jana tulipita salama.

Jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo latuhusu sisi sote tunaoshiriki Meza moja: aliyeanguka si mwamuzi mzuri wa hali yake. Mtu akipigwa kichwa, mara nyingi huruka juu na kusema, mimi mzima, nipeni baiskeli yangu. Lakini ubongo uliotikiswa ndio ule ule anaotumia kujipima. Kwa hiyo kanuni ya siku hizi ni kwamba mtu anayedhaniwa ametikiswa ubongo asipande tena siku ile, hata akisihi. Wenzake ndio wanaomtazama, wakamwuliza maswali, wakamkataza kwa upendo. Helmeti yake nayo ni hivyo hivyo. Ndani yake mna povu gumu ambalo hupondeka ili kichwa kisipondeke. Likiisha kupondeka halirudi, ijapokuwa kwa nje helmeti yaonekana nzima. Yapasa kuiacha na kutafuta nyingine.

Tena majeraha mengine yataka muda. Jolanda Neff wa Uswisi alianguka akifanya mazoezi huko North Carolina mwezi Desemba 2019. Ubavu ulivunjika, bandama ikapasuka, na pafu moja likanywea. Hakurudishwa mbioni wiki iliyofuata. Alitibiwa, akapumzika, akaanza tena kidogo kidogo. Mwezi Juni 2021 akaanguka tena akavunjika mkono. Na tarehe 27 Julai 2021, huko Izu, alishinda nishani ya dhahabu.

Sasa, ndugu, tujiulize sisi wa kanisa twafanyaje mwenzetu akianguka. Twaona makosa mawili. La kwanza ni kumwinua haraka mno. Mtu ana cheo, ana fedha, au ana jamaa wengi, basi jambo lake lafunikwa, Jumapili ijayo yuko mbele akisoma somo. Hatukumpenda, tumemrudisha mlimani na kichwa kilichotikiswa. Tena kama katika kuanguka kwake alimwumiza mtu mwingine, mke, mtoto, au mjane aliyemwamini, basi huyo aliyeumizwa ndiye wa kuhudumiwa kwanza, wala kilio chake kisizimwe ili mkubwa asiaibike.

Kosa la pili ndilo lililoenea zaidi, yaani kumwacha pale pale. Yupo binti aliyepata mimba nje ya ndoa, akazuiliwa Meza ya Bwana. Mtoto sasa anasoma darasa la tano, na mama yake hajawahi kutembelewa na mtu hata mmoja wa kumwambia, njoo turudi. Yupo mzee aliyelewa akatoa aibu msibani. Kiti chake ki wazi, nasi twakipita kana kwamba hakikuwa na mwenyewe. Kuzuiliwa Meza kulikusudiwa kuwa kama mapumziko ya mgonjwa, mwenye siku ya kuanza na siku ya kwisha, na mwuguzi katikati. Tukiondoa mwuguzi na siku ya kwisha, si matibabu tena. Tumemwacha mtu kando ya njia.

Huko milimani hawafanyi hivyo. Mtu akianguka, wenzake husimama. Mmoja hukaa naye, mwingine hupanda juu ya kona na kuinua mikono, ili wanaoteremka kwa kasi wasije wakamkanyaga aliyelala. Ndiyo sababu hushauriwa mtu asiende peke yake katika njia za mbali. Mhubiri 4:10 lamwonea huruma mtu aangukaye naye hana mwenzake wa kumwinua. Na je, katika mitaa yetu, ni nani anayesimama juu ya kona na kuinua mikono, ili maneno ya visimani na ya sokoni yasimkanyage mwenzetu mara ya pili?

Tumtazame Bwana mwenyewe katika Yohana 21. Petro alikuwa ameanguka mara tatu katika usiku mmoja. Yesu hakumfunika wala hakumwacha. Alimwashia moto kando ya ziwa na kumlisha kwanza. Baada ya chakula ndipo akamwuliza, tena mara tatu, hata Petro akahuzunika, kwa maana jeraha lilikuwa linaguswa pale pale lilipo. Kisha akampa kazi. Chakula, maswali ya kweli, kisha kazi: huo ndio utaratibu wa Bwana, nasi hatuna ruhusa ya kuupunguza.

Basi twaomba jambo moja tu mwezi huu. Kila nyumba ifikiri jina la mtu mmoja aliyeanguka na ambaye hatumwoni tena kanisani. Mwendeeni. Msiende na maswali siku ya kwanza, nendeni na chakula, au mkamsaidie palizi. Mkisha kusikilizana, mwambieni Kasisi, ili njia ya kurudi ianze kwa utaratibu wake, na siku yake ijulikane.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeanguka chini ya msalaba wetu na kufufuka kwa ajili yetu, utupe macho ya kukutazama wewe, unyenyekevu wa kupunguza mwendo, na miguu ya kusimama mwenzetu akianguka. Usituache tufike nyumbani tukiwa tumewaacha wengine njiani. Amina.