Kinga Kabla ya Hukumu



Huku kwetu Vwawa yatokea kwamba mama mzee asingiziwa uchawi, au majirani wawili wagombania mpaka wa shamba la kahawa. Kabla wazee hawajaketi, mwenye nguvu amekwisha kung'oa miche au kutia nyumba moto. Baadaye baraza lakaa, na shauri laamuliwa vema. Lakini nyumba imekuwa majivu. Basi twauliza: hukumu ya haki yamfaa nini mtu, ikiwa kilichogombaniwa hakipo tena?

Swali hilo liliwafikia waamuzi wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha katika nchi yetu. Mwezi wa Oktoba 2009 Waogiek wa msitu wa Mau, watu waliozoea tangu kale kuwinda na kurina asali, walipewa na serikali ya Kenya siku 30 watoke msituni. Shauri lao lilifika Arusha mwaka 2012. Waamuzi walijua ya kuwa mashauri ya namna hii huchukua miaka. Kwa hiyo tarehe 15 Machi 2013 wakatoa amri: serikali irudishe katazo la kuuza na kuhamisha ardhi ile, wala isitende neno lolote la kuliharibu shauri, hata litakapokwisha. Hukumu yenyewe ilitoka tarehe 26 Mei 2017, na Waogiek wakapewa haki.

Wako wasemao, Kumkinga mtu ambaye shauri lake halijaamuliwa ni kumpendelea. Sivyo. Amri ile haikusema, Waogiek wameshinda, ilisema, Ngojeni. Nasi twasoma katika Torati habari za miji sita ya makimbilio. Aliyemwua mtu alikimbilia humo, asiuawe na mlipiza kisasi kabla ya kusimama mbele ya mkutano. Akionekana kwamba aliua kwa kusudi, alitolewa. Mji ule haukuficha dhambi. Uliilinda hukumu isitanguliwe na hasira.

Lakini liko neno gumu zaidi: mahakama ile haina askari. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru Waogiek walipwe shilingi za Kenya 157,850,000 na kurudishiwa ardhi yao. Hata hivyo Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena huko Sasimwani. Je, amri zile zilikuwa bure? Twasema, hapana. Amri isiyo na upanga humwondolea mwenye nguvu udhuru. Hawezi tena kusema, Sikujua. Walakini twakiri kwamba haizimi moto peke yake. Nguvu yake imo katika watu waliozoea kungoja, na mazoea hayo huanza vijijini mwetu.

Basi, ninyi walimu, akija kwenu usiku mtu anayetafutwa, msianze kumwuliza kama ana hatia. Mpeni mahali pa kulala, kisha wapelekeeni habari wazee na serikali. Twajua ni vigumu, maana watu watasema, Mwalimu ameshirikiana na mchawi. Waacheni waseme. Aliye hai aweza kuulizwa kesho. Aliyekufa haulizwi tena.