Anayelima na Kuimba

Katika hafla moja mjini Bariadi, manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma wa Kisukuma, na kundi lake walicheza juani tangu asubuhi, njuga miguuni, fulana zimeloa jasho. Gari la mgeni rasmi lilipotokeza, mshereheshaji akawakatisha katikati ya wimbo. Jioni mwimbaji kutoka Dar es Salaam akapanda jukwaani, akaimba kwa pleibeki, akalipwa. Kundi la manju liliambulia wali na soda. Mjumbe wa kamati ya maandalizi alipoulizwa, alijibu kuwa yule si msanii, ni mkulima anayecheza ngoma.

Kamusi haina ugomvi: msanii ni mtu mwenye ufundi wa kubuni na kutoa kazi ya sanaa. Kwamba mwimbaji wa Dar alilipwa kwa sababu alikuwa na mkataba na nauli ya kurudishiwa, hiyo ni hoja ya haki. Hili la ukulima ndilo halivumiliki.

Manju hutunga nyimbo, huziimba mwenyewe, huongoza wachezaji na huigiza. Charles Aznavour wa Ufaransa alikuwa mwimbaji, na mwaka 1960 akawa mhusika mkuu katika filamu ya François Truffaut, *Tirez sur le pianiste*. Akaheshimiwa kwa yote mawili. Manju wa Usukumani, anayefanya yote mawili kwa pumzi moja, huitwa burudani ya kusubiria viongozi.

Eti analima! Simiyu, ulipo mji wa Bariadi, ni mkoa wa pamba, na mbina, yaani ngoma za mashindano za Wasukuma, hupamba moto kiangazi, mavuno yakishatoka shambani. Katika ngoma ya bugobogobo jembe lenyewe hurushwa juu na kudakwa kwa mdundo. Kama kazi ya kumpatia mtu chakula inafuta usanii wake, basi mshairi Shaaban Robert afutwe pia, maana alikuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni. Hakuna kamati itakayothubutu kusema hivyo. Kumbe tatizo si kazi ya pili. Tatizo ni jembe.

Wasukuma wana mahakama yao ya sanaa, nayo ni kali. Katika mbina, pande mbili za wachezaji, Wagika na Wagalu, hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake, na mtazamaji yuko huru kuhama. Hakuna jopo la majaji wala alama za karatasini. Mtu akichoka hugeuka na kwenda ng'ambo, na manju anamwona akiondoka. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi.

Hapo ndipo hoja inapokwama. Jioni ile umati wa mwimbaji wa Dar ulikuwa mkubwa zaidi. Ni kweli watazamaji hawakupewa nafasi ya kuchagua kati ya wawili hao kwa wakati mmoja. Lakini wangepewa, na vijana wote wakakimbilia kwenye spika, je, manju angepoteza usanii wake kwa sheria ya kwao wenyewe? Jibu bado halijapatikana.

Ujira wake, hata hivyo, hauwezi kungoja jibu hilo. Wanaoandaa hafla katika wilaya za Simiyu, yaani Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega wamwekee manju fungu lake kwenye bajeti, wakubaliane naye bei kabla ya siku yenyewe, na wamlipe.