Mficha Maradhi na Mwenye Kuyataja

Methali ya Waswahili humlaumu mtu mmoja tu: mficha maradhi kilio humfichua. Haisemi lolote juu ya majirani ambao, wakishaambiwa, hufunga mlango. Kimya hicho cha methali kimo pia katika utawala wa afya duniani, na mwaka 2021 kilidhihirika baina ya Afrika na Maskati.

Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 huitaka nchi ilitaarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 tangu kutathmini tukio linaloweza kuwa hatari kwa wengine. Tanzania iliacha kutangaza takwimu za korona mwaka 2020, wagonjwa wakiwa 509. Februari 2021 Oman ilizuia kwa siku 15 wasafiri kutoka nchi kumi, Tanzania ikiwamo. Novemba mwaka huohuo wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana walitambua aina mpya ya kirusi, Omikroni, na dunia ikaarifiwa bila kuchelewa. Siku chache baadaye Oman, kama nchi nyingi nyingine, ilizuia wasafiri kutoka nchi saba za kusini mwa Afrika. Aliyenyamaza na aliyesema walikuta mlango uleule umefungwa.

Serikali ina haki ya kuwalinda watu wake. Hilo halina ubishi. Lakini ulinzi huo ulimgawa nani? Katika Hail, mtaa wa pwani wilayani Seeb, zimo familia zenye asili ya Unguja na Pemba ambazo Kiswahili chao hakijatoka nyumbani. Katazo la Februari liliwaachia raia wa Oman njia ya kurudi. Basi ndugu wawili waliolala chumba kimoja Unguja wangeweza kutenganishwa uwanja wa ndege, si kwa kipimo cha maradhi, bali kwa pasi.

Atatokea wa kusema kwamba wajibu wa kusema kweli haungoji malipo. Kwa mtu mmoja, huenda ni sawa: mkweli hukubali hasara yake mwenyewe. Waziri wa afya, hata hivyo, akitangaza maradhi hutoa riziki ya wengine: mbeba mizigo, mpishi wa hoteli, mvuvi anayeiuzia hoteli hiyo samaki. Kumtaka atoe sadaka ya mali isiyo yake, kisha kumwachia peke yake deni, ni kudai uadilifu kwa gharama ya wanyonge.

Mkataba wa majanga ya maradhi uliopitishwa Geneva tarehe 20 Mei 2025 uliliacha suala la kugawana vimelea na manufaa yake lijadiliwe katika kiambatisho cha baadaye. Kilichoahirishwa ndicho kiini cha jambo. Anayefundisha utawala wa afya akiishia kwenye saa 24 za mtoa taarifa, amefundisha nusu ya somo. Nusu ya pili ni wajibu wa anayeipokea: chanjo, vipimo na fidia anavyodaiwa tangu saa ile aliyoambiwa.