Je, mtoto apewe bunduki yake ya kwanza ya kuwinda?



Katika vijiji vingi vya teritware ya Kalemie, na vilevile kule Nyunzu na Moba, mtoto wa kiume anapofikia miaka 11 au 12, baba yake huanza kuwaza namna ya kumfundisha kuwinda. Nguruwe wa pori wanafukua mihogo, nyani wanavunja mahindi, na nyama ya sokoni ni ya wenye pesa. Hapo baba huuliza: ni bunduki gani inayomfaa mtoto, isiyo ya bei kali na isiyompiga sana bega? Hili ni swali la mzazi anayemhurumia mtoto wake, wala hatumcheki. Lakini tulipime, kwa maana ndani yake limejificha swali lingine kubwa zaidi.

Kwanza tujue bunduki yenyewe. Risasi inapokwenda mbele, bunduki inasukumwa nyuma. Kartushi ya kalibre 12 inasukuma kwa nguvu. Ile ya kalibre 410 ni ndogo, inasukuma kidogo. Ya kalibre 22 karibu haisikiki begani. Tena, kwa kartushi ileile, bunduki nyepesi inapiga bega kuliko bunduki nzito. Kwa hiyo baba anayetafuta bunduki nyepesi ili mtoto aweze kuibeba, anaweza kumnunulia maumivu zaidi.

Na gobori, ambalo wengine huliita pupu? Bei yake ni nafuu, kwani fundi wa chuma hulitengeneza kijijini kwa bomba. Lakini baruti yake inapimwa kwa macho. Leo linasukuma polepole, kesho kwa nguvu, na siku bomba likishindwa, linapasukia mkononi na usoni mwa yule aliyelishika. Wala tusidanganywe na udogo wa risasi. Ile ndogo ya kalibre 22 inaweza kwenda zaidi ya kilometa 1, ikapita shamba la baba, ikafika kwenye njia ya wamama wanaochota maji.

Basi, kama tunapima bega tu, jibu ni rahisi: kalibre 22 au 410, kitako chake kikatwe kwa urefu wa mkono wa mtoto. Lakini siku ya hatari, je, bega ndilo litakalojibu?

Tuangalie upinde wa wazee wetu. Mtoto alipewa upinde mdogo, wa kupiga ndege na panya. Upinde wa baba ulikaa ukutani, na hakuna aliyehitaji kuuficha, kwani mtoto hakuweza kuuvuta. Ilimpasa angoje mikono yake ipate nguvu. Katika kungoja huko alifuata wakubwa porini, akajifunza nyayo, upepo, na majina ya wanyama. Alijua mnyama mwenye mimba anaachwa, na mshale hauachiliwi kama hujui nani yuko nyuma ya majani. Nguvu zilipofika, akili nayo ilikuwa imefika, au imekaribia. Mwili wake ulikuwa mlinzi wa mlango.

Hatusemi upinde ni kitu kisicho na dhambi. Sisi wa Tanganyika hatuwezi kusema hivyo. Tangu mwaka 2013, katika mapigano ya ndugu zetu Batwa na Baluba, mishale iliua wazazi na watoto, na makambi ya waliokimbia yakajaa kandokando ya Kalemie. Tunalosema ni moja tu: upinde wa mtu mzima ulimkataa mtoto. Bunduki haimkatai. Na bunduki iliyochaguliwa kwa kuwa haipigi bega, hiyo inamkaribisha kabisa.

Kule Marekani kuna viwanda vinavyotengeneza bunduki za kalibre 22 kwa kipimo cha watoto wadogo. Mwezi wa 4 mwaka 2013, katika jimbo la Kentucky, mtoto wa miaka 5 alikuwa na bunduki ya namna hiyo, aliyopewa kama zawadi. Ilikuwa imesimamishwa kwenye pembe ya chumba, na wenye nyumba hawakujua kwamba risasi moja ilibaki ndani. Mtoto akampiga dada yake wa miaka 2, naye akafa. Bunduki ile ilikuwa ndogo na nyepesi, haikumwumiza aliyeishika. Ilikuwa na kila sifa ambayo baba mwema angeitafuta dukani.

Sasa tuseme jambo la kwetu, ingawa linauma. Sifa hizi tatu, bei ndogo, wepesi, na kutopiga sana bega, si wazazi tu waliozitafuta. Wakubwa wa vita walizitafuta pia. Kalashnikov ikiwa na risasi zake ina uzito wa kilo 4 hivi, na mtoto wa miaka 12 anaweza kuibeba na kuifyatua. Kwa silaha za namna hiyo, makadogo wa AFDL walitembea mwaka 1996 na 1997 kutoka mashariki mpaka Kinshasa, walikoingia tarehe 17 mwezi wa 5 mwaka 1997. Vita vya baadaye viliwachukua wengine wengi. Tarehe 14 mwezi wa 3 mwaka 2012, Mahakama ya Kimataifa kule La Haye ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, ikamkuta Thomas Lubanga na hatia ya kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika vita vya Ituri. Alipewa miaka 14 ya kifungo.

Baba wa kijijini si mkubwa wa vita. Moyo wake ni mwingine kabisa. Lakini kijana anayejulikana kijijini kwamba anapiga bunduki vizuri, ni nani atakayekuwa wa kwanza kumtafuta siku kundi la porini litakapopita? Hatamtafuta baba ili amwombe ruhusa.

Maandiko yana habari mbili za vijana na silaha. Ya kwanza ni ya Yonathani. Yeye alipiga mishale, na kijana mdogo aliyekuwa pamoja naye akakimbia kuiokota. Kisha kijana akapewa silaha azibebe kurudi mjini. Alibeba, aliokota, hakupiga. Ya pili ni ya Yetheri, mzaliwa wa kwanza wa Gideoni. Baba yake alimwamuru awaue Zeba na Salmuna. Upanga alikuwa nao tayari. Lakini hakuuchomoa, kwa sababu aliogopa, maana alikuwa bado kijana. Angalieni, wapendwa: Maandiko hayamwiti mwoga. Yanasema tu umri wake, na hiyo inatosha.

Hofu ile ya Yetheri ni mlinzi wa pili wa mlango, aliyewekwa moyoni. Wale waliowachukua watoto vitani walijua hivyo, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwaondolea watoto hofu hiyo. Mzazi asiifanye kazi hiyo nyumbani kwake bila kujua, akimwambia mtoto: shika, usiogope, haiumi.

Kuna atakayejibu: "Asipofundishwa na mimi, atajifunza kwa siri, na hiyo ni hatari zaidi. Na nikifa, nani atalisha nyumba?" Neno hili lina ukweli. Kumwacha mtoto katika ujinga si kumlinda. Lakini kufundisha kuwinda si kukabidhi bunduki. Mtoto afundishwe kufuata nyayo, kutega mitego pale sheria inaporuhusu, kuchuna, kukausha nyama, kulinda shamba kwa mbwa, kwa madebe na kwa manati. Afundishwe kwamba bunduki yoyote ihesabiwe kuwa ina risasi, na mtutu usielekee mtu hata siku moja. Ajue pia kwamba nchi ina sheria ya uwindaji ya tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka 1982 inayodai ruhusa, na kwamba kwa sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009, mtu ni mtoto mpaka atimize miaka 18. Anayejua haya yote hatalala njaa, na siku atakapokuwa mtu mzima, kushika bunduki litakuwa somo la mwisho na lililo fupi kuliko yote.

Kwa hiyo, baba unayeuliza bunduki ipi, jibu letu ni hili: mtoto asiwe na bunduki yake. Bunduki ya nyumba, kama ipo kwa haki, iwe ya mtu mzima mmoja mwenye jina, anayejua kila risasi iko wapi, anayeifungia bila risasi ndani, na kuficha baruti na kartushi mahali pengine. Mtoto afuatane naye porini, abebe mzigo, aokote, aulize. Na siku atakapoogopa mlio wake, msimcheke mbele ya wenzake. Mwacheni aogope, umri wake bado haujafika.

Bwana awape wazazi hekima, na watoto wa Tanganyika amani. Amina.