Uuguzi si kubeba mgonjwa tu

Sisi Wapemba ulemavu tunaujua. Kila msimu wa karafuu wapo wanaoanguka mikarafuuni, na baadhi yao hawarudi tena kama walivyokuwa. Kijana anapanda asubuhi mzima wa afya, jioni anapakiwa garini kupelekwa Wete au Chake Chake. Ungedhani watu wa namna hii wangekuwa wa mwanzo kumwamini mwenye gongo akisema anataka kazi. Wapi!

Hapa Shumba yupo binti ambaye mguu wake mmoja haukunjiki tangu utotoni. Anataka kusomea uuguzi. Bibi yake, anayempenda kama mboni ya jicho, alimwambia tukiwa barazani: "Mjukuu wangu, wewe ndiye wa kuuguzwa, utamuuguza nani?" Binti akajibu taratibu: "Bibi, kibovu mguu, mikono mizima."

Bibi hakusema ovyo. Wodi inataka mwili. Kuna kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, kuna kumshusha kitandani, kuna zamu ya usiku ambayo muuguzi ni mmoja na wanaomwita ni wengi. Kumdanganya binti kwamba yote hayo atayaweza ni kumkosea.

Lakini hospitali ina milango mingi. Mtoto huchanjwa akiwa amepakatwa na mama yake, na anayemchanja anaweza kukaa kitini. Kliniki ya wajawazito, ya kisukari na presha, ushauri nasaha, kufundisha wanafunzi: huko kote mgonjwa au mwanafunzi ndiye anayekuja, na kinachotakiwa ni jicho la kuona uvimbe wa miguu ya mjamzito, sikio la kusikia anachoficha, na kalamu isiyokosea kipimo cha dawa.

Florence Nightingale, ambaye duniani kote anahesabiwa kuwa mama wa uuguzi wa kisasa, aliugua katika vita vya Crimea na kurudi Uingereza mwaka 1856. Baada ya hapo, kwa miaka mingi alikuwa mtu wa chumbani na kitandani. Ni katika hali hiyo alipoandika kitabu chake cha uuguzi mwaka 1859, na mwaka uliofuata chuo cha wauguzi kikafunguliwa London kwa jina lake. Katika wodi asingemaliza hata zamu moja.

Sheria zipo. Zanzibar ina yake ya haki za watu wenye ulemavu. Ya Bara, ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Naziunga mkono, ila asilimia inahesabu vichwa tu, haisemi vikae wapi. Muuguzi aliyesoma miaka mitatu akipelekwa masjala kupanga mafaili, hesabu imetimia na wagonjwa wamekosa muuguzi.

Wauguzi wenzake nao wana neno lao, nalo si la wivu: yeye akisamehewa usiku, nani ataubeba? Hilo lizungumzwe waziwazi, kabla halijageuka minong'ono. Anaweza kuchukua kliniki za siku za mapumziko, au ripoti za mwisho wa mwezi ambazo wengi huzikimbia. Kazi ikigawanywa hivyo, hakuna aliyebebwa.

Ombi langu ni kwa madaktari wa wilaya na wakuu wa wauguzi. Kabla ya kumpangia kituo muuguzi mwenye ulemavu, mwiteni mumuulize anaweza nini, hawezi nini, na ahitaji kitu gani ili aweze zaidi. Huenda jibu likawa kiti kirefu, au njia ya mteremko mlangoni, vitu ambavyo fundi wa kijijini anavitengeneza.

Binti mwenyewe nimemwambia ashike baiolojia na kemia. Bila ya ufaulu wa masomo hayo chuo hakimpokei, mguu uwe mzima au mbovu.