Usiuze Nyasi Zote Julai

Mwanangu, keti. Nimechoka kuyasema haya kila msimu, lakini nitayasema tena, kwa kuwa juzi nililiona lori la dalali likitoka shambani kwako limesheheni marobota, nalo ghala lako limebaki tupu.

Zamani hapa Kieni nyasi hazikuwa na bei. Ng'ombe walilishwa kando ya barabara, na mwenye mabingobingo alimkatia jirani mzigo. Leo mashamba yamegawanywa hadi yamekuwa vipande, ng'ombe hawatoki zizini, na nyasi hununuliwa kama unga. Mlipoacha mahindi mkapanda Boma Rhodes sikuwalaumu. Tumekaa kati ya Mlima Kenya na Nyandarua, mawingu yanatupita, na nyasi hiyo ukiipanda mara moja utaikata miaka kadhaa.

Lakini mnakata pamoja na kuuza pamoja. Mvua za masika zikiisha, kila mtu anaitafuta mashine ya kufunga marobota, mwenye mashine anataka pesa ya dizeli papo hapo, nawe unauza nyasi zikiwa bado shambani ili umlipe. Dalali anayajua hayo. Februari, zizi likilia njaa, unazifuata nyasi zile zile Nanyuki au Karatina kwa bei nyingine. Nami niliwahi kufanya hivyo. Mwaka 2020 ulipokuwa unaisha, mvua zilianza kukosekana, na huko kaskazini zikakosekana misimu mitano mfululizo. Kieni hatukusalimika. Niliuza ndama wawili ili nimlishe ng'ombe mmoja wa maziwa.

Sasa tupige hesabu, ndilo jambo ninalotaka ulishike. Ng'ombe wa kilo 400 hula kama kilo 12 za nyasi kavu kwa siku. Wawili kwa siku 90 za kiangazi ni kilo 2,160. Robota likiwa na kilo 15, unahitaji 144. Likiwa na kilo 12, unahitaji 180. Hayo 36 ya ziada unayalipia wewe, kwa sababu umenunua robota badala ya kununua uzito. Tena lifungue, litazame ndani. Nyasi iliyoachwa hadi mbegu zikakomaa na kupukutika ni mabua matupu; ng'ombe atashiba na maziwa yatapungua. Ikatwe inapoanza kuchanua, ikiwa bado na majani.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya nyasi huoza, ikifungwa ingali mbichi au ikilazwa sakafuni. Ianike hadi ikauke sawasawa, uipange juu ya mbao, chini ya paa lisilovuja.

Na kuna hasara usiyoiona kwenye daftari. Kila robota linalotoka linachukua rutuba ya shamba lako. Nyasi ikiliwa zizini mwako, samadi inarudi. Ikipandishwa lori, samadi inabaki kwa mwingine, nawe mwaka wa tatu unaniuliza kwa nini mavuno yamepungua.

Sikukatazi kuuza. Kwanza tenga ya ng'ombe wako hadi mvua za Machi, kisha uza iliyobaki, tena polepole. Nunua mizani ya kuning'iniza, uifunge kwenye boriti ya ghala. Lori likirudi, mwambie dalali asubiri upime.