Tuwakumbuke Wanaosahau



Usiku ule aliotolewa, Bwana wetu alitwaa mkate na kikombe, akawaagiza wanafunzi wake wafanye vivyo hivyo kwa kumkumbuka (Luka 22:19). Aliwapa jambo la kufanya kwa mikono na kwa kinywa, wala si la kusikia tu. Mwezi huu twataka kuitafakari amri hiyo pamoja na shida iliyomo katika nyumba nyingi, yaani wazee wetu wanaopotewa na kumbukumbu.

Kwanza tuone jinsi Mungu alivyotuumba. Ubongo wa mtu mzima una chembe za neva zipatazo bilioni 86, na kila moja imeungana na nyingine nyingi. Jambo tulilojifunza halikai mahali pamoja kama mahindi ghalani. Sura ya mtu huwekwa huku, sauti yake kule, jina lake kwingine. Maungano kati ya chembe hizo hupata nguvu kila yanapotumika, kama njia ya kisimani inavyokaa wazi kwa sababu ya miguu ipitayo kila siku. Isipopitwa, majani huota. Nasi tunapokumbuka, ubongo huzikusanya sehemu hizo na kuzijenga tena kuwa jambo moja.

Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande mna kiungo kidogo kiitwacho hipokampasi. Kimepewa jina la samaki yule tumwitaye farasi wa baharini, kwa sababu ya umbo lake. Kiungo hiki hupokea mambo mapya na kuyaunganisha, hasa tunapolala usingizi, mpaka yakae imara katika tabaka la nje la ubongo.

Haya yalijulikana kwa sehemu kubwa kwa mateso ya mtu mmoja wa Marekani, Henry Molaison. Mwaka 1953, alipokuwa na umri wa miaka 27, daktari William Scoville wa mji wa Hartford alimpasua ubongo ili kumwokoa na kifafa kikali, akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo Henry hakuweza kushika mambo mapya. Aliwajua wazazi wake, na utoto wake aliukumbuka. Lakini mtaalamu Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alikuwa mgeni kwake kila alipoingia mlangoni. Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiuona mkono wake katika kioo tu. Ilipofika siku ya tatu mkono wake ulikuwa hodari, ijapokuwa mwenyewe hakukumbuka kwamba aliwahi kuifanya kazi hiyo. Alifariki mwaka 2008, mwenye umri wa miaka 82.

Basi, ndugu, kumbukumbu si chumba kimoja. Yako mambo tunayoweza kuyasimulia, na yako mambo ambayo mwili umeyazoea. Mlango mmoja ukifungwa, mwingine waweza kubaki wazi.

Ugonjwa ambao daktari Alois Alzheimer aliueleza huko Ujerumani mwaka 1906 kwa kawaida huanza kuharibu sehemu hiyo hiyo ya hipokampasi na jirani zake. Ndiyo sababu bibi husahau kama amekula asubuhi, lakini aweza kutusimulia habari za arusi yake. Huo si ukaidi, wala hakurogwa, wala si adhabu ya dhambi zake. Ni ugonjwa, na mgonjwa hastahili kufungiwa chumba cha uani wageni wanapokuja.

Kwa hiyo tufanye mambo matatu.

Kwanza, tuwapeleke hospitali mapema. Kusahau kwingine hutokana na upungufu wa vitamini B12, au tezi ya shingo isiyofanya kazi yake vizuri, au huzuni nzito, au dawa anazotumia mtu. Hayo mara nyingi yaweza kutibiwa. Hata pale ugonjwa usipoponyeka, jamaa watapata shauri la kumtunza mzee wao.

Pili, tusiwatahini. Tukiingia nyumbani kwa mzee tusimwulize, “Je, wanifahamu mimi?” Swali hilo humtia aibu, maana lagonga mlango uliofungwa. Tumwamkie kwa heshima, tumtajie jina letu na ukoo wetu, tukae naye.

Tatu, tusali nao. Sala ya Bwana, Imani ya Mitume, tenzi walizoziimba tangu ujana: njia hizo zimekanyagwa maelfu ya mara. Mara nyingi mzee asiyewajua tena watoto wake huimba ubeti mzima, na mikono yake hujikunja kupokea mkate. Kwa hiyo tusiseme, “Haelewi, ya nini kumletea Chakula cha Bwana?” Tumwambie kasisi, apelekewe nyumbani. Aliyeagiza ukumbusho kwa mkate na kikombe aliijua miili yetu.

Nasi ambao akili zetu zingali na nguvu, tukanyage njia hizo leo. Musa aliwaagiza Israeli wayanene maneno ya Mungu kwa watoto wao waketipo nyumbani na watembeapo njiani, walalapo na waondokapo (Kumbukumbu la Torati 6:7). Haba na haba hujaza kibaba. Nyumba inayosali kila jioni inawawekea watoto akiba ya uzeeni.

Hata hivyo wokovu wetu hausimami juu ya kumbukumbu zetu. Isaya asema kwamba hata mama aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, lakini Mungu hatawasahau watu wake, maana amewachora katika viganja vyake (Isaya 49:15-16). Siku tutakaposahau jina la Bwana, yeye bado atayajua majina yetu. Na mpaka siku hiyo, sisi kwa sisi tu mikono yake. Jumapili hii, baada ya ibada, tuulizane katika kila mtaa: ni mzee gani hatujamwona kanisani siku nyingi? Kisha twende kwake.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.